Laptopu ya gemu: nichukue nyembamba yenye RTX 4070 au nene yenye RTX 4060?

Pikseli_Moja:

Wakuu habarini. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Natafuta laptopu ya gemu, nimechuja weee mpaka nimebaki na mbili na hapo ndo nimekwama. Ya kwanza nyembamba, nyepesi, ina kadi ya picha RTX 4070, prosesa ya Core i7, RAM 16GB, SSD ya tera moja na kioo cha inchi 14 cha 2560 kwa 1600. Ya pili nene kweli, RTX 4060, Ryzen 7 7840HS, RAM 16GB, SSD 512GB, kioo cha inchi 16 cha 1920 kwa 1200, 165Hz (picha 165 kwa sekunde). Bei zimepishana kidogo sana kwa hiyo tuiweke pembeni.

Kwa akili yangu 4070 lazima iwe na nguvu kuliko 4060 maana namba ni kubwa, ila kuna mtu kaniambia kwenye laptopu hesabu haziendi hivyo na hakunifafanulia zaidi. Nacheza Cyberpunk 2077, mpira wa EA FC, na CS2 (Counter-Strike 2) na jamaa zangu usiku. Nasoma pia kwa hiyo itatoka nje mara mojamoja, sio kila siku.

Swali la pili, nikishaipata naanzia wapi kuiseti, nasikia zikitoka boksini zinakuwa hazijakaa sawa. Mpaka sasa natumia laptopu ya kawaida ya ofisi, hii ndo itakuwa mashine yangu ya kwanza ya gemu, hivyo nielekezeni taratibu. Natanguliza shukrani.

FundiBodi:

Mkuu, huyo aliyekuambia hesabu haziendi hivyo kasema kweli kabisa, na ni jambo linaloumiza watu wengi kwa sababu kwenye tangazo haliandikwi. Kwenye kompyuta ya mezani ukinunua 4070 unajua unachopata. Kwenye laptopu jina la kadi ni nusu ya habari, nusu ya pili ni wati ngapi kadi imeruhusiwa kula. NVIDIA wenyewe wameiachia 4060 ya laptopu iwe popote kati ya wati 35 na 115, na 4070 hivyohivyo, 35 mpaka 115, anayeunda laptopu ndo anaamua aiweke wapi kulingana na feni na mabomba ya kutoa joto aliyoyafunga ndani. Juu ya hapo kuna kitu kinaitwa Dynamic Boost kinachoweza kuipa kadi mpaka wati 25 zaidi kwa kuzichukua kwenye mgao wa prosesa, ndo maana utaona wengine wanaandika 140.

Sasa mashine nyembamba ya inchi 14 haina pa kupeleka joto la wati 115. Mara nyingi wanaifungia chini huko, na 4070 iliyofungiwa kwenye wati 60 hivi inaweza kabisa kupitwa na 4060 inayokula 100 na kuendelea. Ni injini kubwa lakini mafuta unapimiwa kwa kijiko. Ila pia usije ukadhani kila wati inayoongezeka ni mwendo unaongezeka, hapana, hizi 4050, 4060 na 4070 zikishafika kwenye 100 hivi zinaanza kugoma kupanda, hivyo 4060 ya 115 na ya 140 kwenye gemu hutaona tofauti ya maana. Usilipie zaidi kwa ajili ya hiyo.

Kitu kingine ambacho naomba ukishike, kadi zote mbili zina VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya 8GB. Ya 4070 sio kubwa. 4070 ina kori 4608 na 4060 ina 3072 kwa hiyo uwezo upo, ila kwenye gemu zinazojaza VRAM zote mbili zitafika ukutani sehemu ileile. Na usiilinganishe na 4070 ya mezani, ile ina 12GB na chipu yake ni nyingine kabisa, hii ya laptopu inatumia chipu ya AD106 ambayo kwenye mezani ndo iko ndani ya 4060 Ti.

Utajuaje wati kabla hujalipa? Kama muuzaji hajui, na wengi hawajui, geuza chaja usome kibandiko chake. Kuna mstari wa Output, utakuta mfano 20V kisha 11.5A, zidisha unapata wati 230. Chaja ya 230 maana yake mashine imepangwa kula vizuri, kadi yake 100 na kitu, prosesa yake, kioo na feni, na bado kuna akiba ya kuchaji betri. Ukikuta 20V na 5A hiyo ni 100 tu kwa mashine nzima, toa za prosesa na kioo uone kadi inabakiwa na nini. Na kama mashine inawaka hapo dukani, fungua NVIDIA Control Panel, nenda kwenye System Information, kuna mstari unaitwa Maximum Graphics Power, hapo hakuna cha kubahatisha, umeandikwa namba yenyewe.

Kwa gemu ulizotaja na kwa kuwa hutembei nayo kila siku mi kura yangu iko kwa hiyo nene.

Zuhura_fps:

Naungana na FundiBodi kwenye wati ila naomba nimtetee kidogo mwenye nyembamba, maana watu wa gemu tuna tabia ya kusahau kwamba mtu anaishi na laptopu, hachezi tu. Hiyo nene ukiiweka begani pamoja na chaja yake utaijua. Na ikianza kazi feni zake zinasikika mpaka kwa jirani wa meza ya pili, maktaba watakutazama. Nyembamba nyingi zinachajiwa kwa USB-C kwa hiyo darasani unabeba kachaja kadogo basi. Mtu anayetoka na mashine kila asubuhi na kucheza usiku mara mbili kwa wiki, mi ningemwambia achukue nyembamba na awe na amani. Wewe umesema mara mojamoja, kwa hiyo hapo sibishani.

Ninachotaka ukiangalie ni kioo, wengi wanakimbilia kadi wanasahau kwamba unachokitazama ni kioo. Cha 2560 kwa 1600 ni kizuri, maandishi yanakuwa makali, lakini piga hesabu, ni nukta milioni 4 na kidogo, wakati 1920 kwa 1200 ni milioni 2.3. Yaani kadi yenye wati chache inapewa kazi karibu mara 1.8. Cyberpunk hapo itakulazimisha kuwasha DLSS (kadi inachora picha kwa nukta chache kisha inaikuza) muda wote, na DLSS ni nzuri sana lakini ni vizuri ukiitumia kwa hiari yako. Kwenye kioo chenye nukta chache 4060 inapumua.

Ila na hiyo nene usiichukue macho yamefumbwa. Laptopu za gemu za bei ya kati nyingi zinawekewa kioo chenye 165Hz kwa ajili ya tangazo halafu rangi zimefifia kama zimefuliwa. Tafuta kwenye maelezo yake kama imeandikwa 100% sRGB, yaani kinaonyesha rangi zote za kiwango cha kawaida, hiyo ni sawa. Ukikuta 45% NTSC (kipimo kingine cha rangi) achana nayo, rangi nyekundu inakuwa kama chungwa. Mwanga nao usishuke niti 300, chini ya hapo mchana karibu na dirisha unajiona mwenyewe tu.

Pikseli_Moja:

Aisee nashukuru sana, hili la chaja sikuwahi kulisikia. Nimeenda kuzitazama tena zote mbili. Nyembamba chaja yake ni wati 140 na ile Maximum Graphics Power imeandikwa 65. Nene chaja ni 230 na imeandikwa 140. Kioo cha nene ni 100% sRGB, niti 350. Kwa hiyo naona njia inanyooka.

Kilichobaki ni prosesa, moja Intel moja AMD sijui nilinganishe vipi. Alafu nimeona ile nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi, na ile nene inakuja na kijiti kimoja cha 16GB na nafasi moja iko wazi. Hiyo ina shida? Na SSD ya 512 itanitosha?

Nyuzi16:

Nianze na RAM maana hapo ndo pana hela ya bure umeikalia.

Kijiti kimoja kina shida ndiyo, na sio ndogo. Prosesa inaongea na RAM kupitia njia mbili, ukiweka kijiti kimoja unafunga njia moja. DDR5 ya 5600 kijiti kimoja kinapitisha 44.8GB kwa sekunde, viwili ni 89.6. Kwenye gemu zinazoegemea prosesa kama CS2 utaiona hiyo, na hata pale ambapo wastani wa fremu unaonekana mzuri, zile sekunde za mapigano ambapo vitu vingi vinatokea kwa pamoja ndo inakwamakwama. Ongeza kijiti cha pili cha 16GB chenye mwendo uleule, ukiweza na chapa ileile, ufikishe 32. Kabla hujafungua mashine hakikisha, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory, utaona imeandikwa Slots used 1 of 2. Ile iliyochomelewa kwa kawaida iko njia mbili tayari ila ndo imeishia hapo, 16 uliyonunua leo utakufa nayo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuniweka upande wa nene.

Prosesa. Kwa kadi ya 4060 hiyo 7840HS haitakuangusha, ina kori 8 na nyuzi 16 (kazi 16 kwa wakati mmoja), kizazi cha Zen 4. Ila kwa wengine watakaosoma hapa niseme kitu, majina ya prosesa za laptopu yamekuwa mtego. AMD mfululizo wa 7000, usitazame tarakimu ya kwanza, tazama ya tatu. 7840HS ya tatu ni 4, ni Zen 4. 7735HS ya tatu ni 3, hiyo ni Zen 3+ ya nyuma imevalishwa jina jipya. 7520U ya tatu ni 2, ni Zen 2, ya zamani zaidi, na watu wanauziwa kama mpya. Intel nao hivyohivyo, i5 12500H ina kori 12 na i5 12450H ina kori 8, zote i5, zote kizazi cha 12, zote H. Mtu anasikia i5 anadhani ni kitu kimoja. Usiishie kwenye i5 au i7 au Ryzen 7, soma jina lote mpaka herufi ya mwisho. U ni ya kutunza betri, H na HS na HX ndo za kazi.

Zuri la 7840HS ni kwamba ina grafiksi yake ya ndani yenye nguvu, Radeon 780M, hivyo ukiwa darasani kadi kubwa inalala na betri inadumu. Hiyo hoja ya dada Zuhura kuhusu kuishi na mashine inapungua uzito kidogo hapo.

SSD 512 itajaa mapema. Windows yenyewe na apdeti zake, Cyberpunk peke yake inataka 70GB na inataka SSD sio diski ya kuzunguka, ongeza mpira, ongeza CS2, na gemu kubwa za siku hizi kuvuka 100GB ni kawaida. Lakini hilo lisikusumbue sasa, angalia tu kama ina nafasi ya pili ya M.2 (pa kuchomeka SSD), nene nyingi zinayo. Utaongeza baadaye bila kugusa ya kwanza.

Pikseli_Moja:

Wakuu nimeichukua nene. Nafasi ya pili ya M.2 ipo, na kijiti cha pili cha RAM nimeshaweka, Task Manager inasoma 2 of 2. Nimeinstoli gemu zote tatu na naona mashine ina nguvu ila kuna vitu vinanitatiza naomba mnisaidie kimojakimoja.

Kioo ni cha 165Hz lakini nikizungusha mausi kwenye CS2 naona kama kunaruka, sio laini kama nilivyotegemea, ingawa namba ya fremu pembeni inasoma zaidi ya 200. Nikichomoa chaja Cyberpunk inaanguka ghafla mpaka haichezeki. Na joto, prosesa nimeiona imegusa 97, feni zinapiga kelele kweli, naogopa itaungua. Hiyo ni kawaida?

FundiBodi:

Hongera mkuu, umechagua vizuri. Tulia, hakuna kilichoharibika hapo.

La kwanza, kioo. Kuna laptopu zikitoka boksini Windows inaziacha kwenye 60Hz. Kadi inatengeneza fremu 200 lakini kioo kinaonyesha 60 tu kwa sekunde, picha moja inakaa mbele yako milisekunde 16.7 wakati kwa 165 ingekaa 6 hivi. Bofya kulia kwenye eneo tupu la kioo, Display settings, shuka chini mpaka Advanced display, chagua 165. Rudi kwenye CS2 uzungushe mausi, utaelewa hapohapo. Na kuna mashine zinashusha Hz zenyewe zikitoka kwenye chaja ili kutunza betri, kwa hiyo ukirudisha chaja tupia jicho kama imepanda.

Ukimaliza hapo tafuta kwenye programu ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako kitu kinaitwa MUX au kimeandikwa Discrete, wengine wanakiweka kwenye BIOS (setingi za mashine kabla Windows haijawaka). Maana yake ni hii, kwa kawaida picha ikitoka kwenye 4060 inapitia kwanza kwenye grafiksi ya ndani ya prosesa ndo ifike kwenye kioo, na ule mzunguko unakula fremu hasa kwenye gemu za mwendo kama hiyo CS2. Ukiweka Discrete kadi inaongea na kioo moja kwa moja. Ukienda darasani rudisha Hybrid (ule mpangilio wa kupitia grafiksi ya ndani), la sivyo kadi kubwa haitalala na betri itakwisha upesi.

La chaja, hiyo ni fizikia, haina setingi. Tuseme betri yako ni ya 80Wh. Kadi na prosesa zikila wati 160 kwa pamoja ni nusu saa imekwisha, na betri yenyewe haikuundwa kutoa umeme mwingi hivyo kwa mkupuo. Kwa hiyo mfumo unaibana kadi. Gemu nzito ni kwenye chaja, tena chaja yake yenyewe iliyokuja nayo. Ukichomeka ya USB-C ya wati 100 itachaji, ndio, lakini ukicheza kadi inabanwa, na asilimia ya betri inaweza ikawa inashuka huku umechomeka.

Joto sasa. Hiyo 7840HS imewekewa kikomo cha nyuzi 100 na ikikaribia inajipunguza yenyewe, haiungui. 97 ya sekunde chache wakati gemu inapakia sio habari. Ikikaa 97 muda wote unaocheza, hapo tufanye kazi. Anza na cha bure, inyanyue nyuma sentimita mbili tatu, feni zinavuta hewa kutoka chini na nene yako miguu yake ni mifupi, ukiilaza mezani hewa haipiti vizuri, kitandani ndo usijaribu kabisa. Kisha weka kikomo cha fremu. Cyberpunk huna sababu ya kuiacha ikimbie inavyotaka, ifunge kwenye 60 au 80, kadi na prosesa zote zinapoa na feni zinashusha sauti.

Bado ina joto? Fungua Control Panel ile ya zamani, Power Options, Advanced, Processor power management, Maximum processor state, badilisha 100 iwe 99. Prosesa inaacha kukimbilia GHz 5.1 ya juu kabisa inakaa karibu na 3.8 yake ya msingi. Joto linashuka sana na kwenye Cyberpunk hutaona tofauti kwa sababu pale anayebeba mzigo ni kadi. Ila kwa CS2 irudishe 100, gemu ile inataka prosesa ikimbie. Mi naiona hii 99 kama njia nzuri kuliko kuanza kuchezea volti siku ya kwanza.

Na vumbi. Baada ya miezi kadhaa fungua mfuniko wa chini, kati ya feni na vile vibati vyembamba vya shaba au alumini utakuta vumbi limeshikana limekuwa kama kipande cha kitambaa, limeziba kabisa. Hilo ndo linaloua laptopu za gemu. Toa kwa brashi laini au puliza, lakini zuia feni kwa kidole isizunguke ukiwa unapuliza, ikizungushwa kwa nguvu kuliko mwendo wake unaweza kuiharibu. Na kabla ya yote zima mashine na uchomoe waya wa betri kwenye bodi.

Zuhura_fps:

Naongezea ya ndani ya gemu maana watu wakishamaliza Windows wanaenda kubonyeza Ultra kila mahali halafu wanalaumu kadi.

Una 8GB ya VRAM, kwa hiyo kitu cha kukilinda ni tekscha, zile picha zinazovalishwa kuta na vitu. Zikizidi VRAM mashine inaanza kukopa kwenye RAM ya kawaida na hapo fremu haishuki polepole, inakatikakatika, unageuka kona inaganda, unaendelea, inaganda tena. Ukiona hali hiyo shusha tekscha ngazi moja kabla hujagusa kingine chochote. Vivuli na ukungu na akisi za kwenye maji ndo vinafuata, vinakula sana na jicho halioni hasara. Ray tracing (mwanga unaokokotolewa kama wa kweli) kwenye Cyberpunk jaribu uone ilivyo nzuri maana kweli inapendeza, mwanga wa mabango unavyomwagika kwenye lami yenye maji usiku, ila kwa kucheza siku zote chukua iliyo nyepesi au izime, washa DLSS kwenye Quality.

Kuhusu Frame Generation, yaani kadi kubuni fremu za ziada katikati ya zile za kweli, kadi yako ni ya mfululizo wa 40 kwa hiyo inayo. Inafaa ukiwa tayari una fremu 60 hivi za kweli, inakufikisha juu na picha inakuwa laini. Ukiwa na 30 usiiwashe, picha itaonekana laini lakini mkono utahisi uzito, unabonyeza na jibu linachelewa. Kwa Cyberpunk sawa, kwa gemu ya kushindana na watu mi sipendi hata kuifikiria.

Alafu zoea kubonyeza Alt+R ukiwa na programu ya NVIDIA, inakuletea kipimo pembeni. Angalia mzigo wa kadi. Kama iko 97 au 99 asilimia, kadi ndo inafika mwisho, shusha picha. Kama iko 60 na fremu ni chache, basi prosesa ndo inachelewesha au kuna kikomo mahali umekiweka, kushusha picha hapo hakutakusaidia kitu.

Pikseli_Moja:

Ilikuwa kwenye 60Hz kweli! Nimebadilisha na ni kama nimenunua mashine nyingine, jamani. MUX nayo nimeipata kwenye programu yao. Nimeinyanyua nyuma na kufunga Cyberpunk kwenye 70, prosesa inacheza kwenye 80 na kitu na feni zimetulia.

La mwisho. EA FC peke yake nikiwa kwenye Hybrid inakuwa nzito kuliko Cyberpunk, haiingii akilini. Na jamaa yangu ananiambia nizime Secure Boot kwenye BIOS ili gemu ziende haraka, nizime? Na chaja niiache imechomekwa muda wote au naua betri?

Nyuzi16:

EA FC inaelekea inafunguka kwenye grafiksi ya ndani, ile 780M, badala ya 4060. Nenda Settings, System, Display, Graphics, itafute kwenye orodha, kama haipo iongeze kwa kuonyesha faili lake la kufungulia, bofya Options na uchague High performance. Ifunge uifungue upya. Kisha hiyo Alt+R ya dada Zuhura ikuhakikishie kwamba 4060 imeamka.

Secure Boot usizime, ni ulinzi unaokagua programu mashine inapowaka. Haiongezi fremu hata moja, na ukiizima gemu zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu zitakataa kufunguka. Valorant kwenye Windows 11 inataka Secure Boot na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Battlefield 6 nayo inataka Secure Boot. Siku jamaa zako wakihamia huko utaanza kuhangaika na BIOS usiku wakati wenzako wanakusubiri.

Chaja iache, lakini kwanza kwenye programu ya laptopu tafuta kikomo cha kuchaji, weka 80, kwa wengine ni 60. Betri za lithiamu zinachoka upesi zikikaa zimejaa kabisa huku zina joto, na laptopu ya gemu iliyochomekwa ndo hali yenyewe hiyo. Ukijua kesho una kipindi cha siku nzima, usiku uiruhusu ifike 100. Na leo ikiwa bado mpya fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, inatoa ripoti yenye Design Capacity na Full Charge Capacity. Ihifadhi hiyo ripoti mahali, baada ya mwaka toa nyingine uzilinganishe, utajua imeshuka kiasi gani, na kama bado uko ndani ya warantii una karatasi ya kuwaonyesha.